Kilimu au zulia la mafundo? Kwa anayekwenda kufuma ng'ambo kwa wiki chache

Binti mmoja wa Arua, Uganda, ana mkononi barua mbili za residensi, yaani mwaliko wa msanii kukaa na kufanya kazi mahali kwa muda. Moja inamwita Meksiko, kijiji cha Teotitlán del Valle karibu na mji wa Oaxaca, wiki sita. Ya pili inamwita Moroko kusini, upande wa Taznakht, wiki nane. Kote kuwili atapewa chumba, chakula na mahali pa kufumia, na kote anatakiwa amalize zulia moja alilolibuni mwenyewe. Akaniuliza: "Dada, niende wapi?" Nikamwambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni zulia gani anataka kulifuma, maana wenzetu wa Oaxaca watamweka kwenye kilimu, zulia bapa, na wa Taznakht watamfundisha mafundo, zulia lenye manyoya. Ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa zote mwishowe hutandikwa sakafuni.

Nimezifanya zote mbili. Kilimu nilikifuma Oaxaca, la mafundo nikalifuma Moroko miaka mitatu baadaye. Mimi ni mtoto wa Bombo. Mama yangu ni Mnubi, msukaji wa makawa na sinia za rangi, zile zinazofunika chakula cha Idi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msuka mikeka huko Masaka. Basi nilipopata residensi ya kwanza nilijiona nimeshafika, kwamba kufuma ni kusuka kwa jina lingine. Fikra hiyo ilinila wiki nzima, kwa hiyo naanza nayo.

Ususi si ufumaji

Mkeka wetu wa ukindu husukwa ukili kwa ukili. Unachana chane, unazianza kwa mshazari, kila chane inakwenda upande, ikifika ukingoni inakunjwa na kurudi. Hakuna chane iliyozaliwa kulala na nyingine iliyozaliwa kusimama. Zote zinafanya kazi zote mbili. Kili zikishatosha unazishona pamoja, na kama moja imeharibika unaiweka kando, unasuka nyingine. Rangi zinapanda kwa mshazari zenyewe, bila kulazimishwa.

Kwenye mtambo wa kufumia mambo yamegawanyika. Mtande, yaani nyuzi za urefu, umevutwa na kukazwa, umesimama, hausogei. Mshindio, uzi wa kupitisha, ndio unaotembea kulia na kushoto. Unaanzia mwisho mmoja na kupanda, na ulichokosea jana kiko chini ya ulichofuma leo; ukitaka kukirekebisha unafumua mpaka ukifikie. Mimi nilikuja na mchoro wa mkeka wa bibi, mistari ya mshazari myembamba inayopishana, nikidhani nitaunakili. Fundi aliyenipokea aliutazama, akachukua penseli, akaugeuza kila mstari kuwa ngazi. Nilikasirika. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa anauharibu, alikuwa anautafsiri.

Kile ambacho kila mfumo unakuruhusu kuchora

Kilimu hakina manyoya. Mshindio hupita juu na chini ya mtande, hupigwa kwa kitana mpaka mtande hauonekani tena, na picha yote ni mshindio mtupu. Kila rangi hufika kwenye mpaka wake na kurudi. Sasa tuseme mpaka kati ya nyekundu na nyeusi unapanda wima. Nyekundu inageukia kwenye uzi wake wa mtande, nyeusi kwenye uzi wa jirani, na hakuna kinachozishika pamoja. Unabaki ufa. Ufa wa sentimita moja ni urembo; wa sentimita kumi ni tundu ambalo kidole cha mtoto kitalipanua kabla ya Jumapili. Ndiyo sababu vilimu vya Anatolia, Uturuki, vimejaa ngazi, pembetatu na almasi: mfumaji anaikimbia mistari ya wima. Ukiitaka lazima, unazipishanisha rangi mbili juu ya uzi mmoja wa mtande. Ufa unazibika, lakini mpaka unatoka na meno kama msumeno.

Kwa hiyo kilimu kinataka mchoro wa ngazi na mshazari. Teotitlán wanaujua huu ukweli kwa macho tu, kwa sababu karibu nao yako magofu ya Mitla, ambayo kuta zake zimepambwa kwa vipande vya mawe vilivyopangwa kwa mtindo wa ngazi na vizingo vya pembe. Wafumaji wa Kizapoteki, wenyeji wa huko, wamezihamisha ngazi hizo kwenye sufu, na zimehamia bila ubishi. Ukienda kule na mchoro wa uso wa mtu au herufi za Kiarabu zenye mikunjo, utapigana na mtambo kila saa. Inawezekana, mafundi wao wengine wanafuma hata nyuso, lakini wewe una wiki sita.

Zulia la mafundo ni habari nyingine. Hapo kila fundo ni kipande kifupi cha uzi kilichozungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, ncha zake mbili zikatokeza mbele na kuwa manyoya. Katika fundo la Kituruki uzi unazikumbatia nyuzi zote mbili sawasawa. Katika la Kiajemi unaizunguka moja na kupita nyuma ya nyingine tu. Ukimaliza safu nzima unapitisha mshindio mara moja au mbili, unapiga kitana, unaanza safu nyingine. Kila fundo linajitegemea. Rangi yoyote inaweza kukaa popote, hata nukta moja ya bluu katikati ya uwanja mweupe. Karatasi ya miraba inatosha kuwa ramani: mraba mmoja, fundo moja.

Mkunjo unawezekana, herufi zinawezekana, ndege na samaki wanawezekana, ilimradi mafundo yawe ya kutosha. Zulia la mafundo la kale zaidi lililofika kwetu likiwa karibu zima ni lile la Pazyryk, alilolichimbua Sergei Rudenko mwaka 1949 katika kaburi lililoganda barafu kwenye milima ya Altai. Lina miaka kama 2,400, liko kwenye makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg, na lina kulungu na wapanda farasi wanaoonekana hadi hatamu. Lakini pia lina mafundo yapatayo 3,600 katika kila mraba wa sentimita 10 kwa 10. Hayo si mafundo ya mgeni wa wiki nane.

Na mafundo yana mtego wake. Nilichora ngoma, duara safi kwenye karatasi yenye miraba iliyo sawa pande zote. Kwenye kipande changu cha majaribio nilipata mafundo 16 kwa upana wa sentimita 10, lakini kwa sababu nilikuwa napiga kitana kwa nguvu zote, safu zilibanana zikawa 20 kwa urefu uleule. Ngoma ikatoka kama tikiti lililokaliwa. Wale kina mama walicheka mpaka mmoja akaenda kuniletea chai. Dawa yake ni rahisi: fuma kwanza kipande kidogo, hesabu upana na urefu, ndipo uchore. Mimi nilinenepesha uzi kidogo na kupunguza hasira ya kitana, nikapata 16 kwa 16.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Wiki sita ni siku 42 kwenye barua, lakini si siku 42 za kufuma. Toa siku za kufika na kulala usingizi wa safari. Toa Jumapili. Toa siku za kuosha na kutia rangi uzi, siku mbili au tatu za kutanda mtambo, siku ya kuonyesha kazi kwa wageni, na siku ambayo utaumwa tumbo. Mimi nilibaki na 24. Katika wiki nane za Moroko nilibaki na 36.

Zote mbili nilizifuma kwa kipimo kimoja, sentimita 80 kwa 150. Kilimu, kwenye mtambo wa kukanyaga, kilikuwa kinapanda kama sentimita 8 kwa siku penye urembo, na zaidi ya 20 penye rangi moja tupu. Kama ningejaza urembo kila mahali ningehitaji siku 19. Niliacha uwanja mtupu kidogo, nikamaliza mapema, na siku zilizobaki nikafuma mto.

La mafundo linahesabiwa kwa namna nyingine. Mafundo 16 kwa 16 katika kila sentimita 10 ni 256. Zulia langu lote lilikuwa na mafundo 30,720. Mwanafunzi akishazoea hufunga kama matatu kwa dakika. Kwa saa sita za kazi, maana mgongo na macho vinakataa zaidi ya hapo, ni kama 1,080 kwa siku. Gawanya: siku 28 na kitu. Ilinitosha, kwa kubana. Mama aliyekaa kando yangu alifunga mara tatu ya yangu huku akizungumza na mtoto na kuangalia mlango.

Sasa jaribu kujitia ujanja. Useme unataka zulia laini, mafundo 40 kwa 40. Ni mafundo 192,000 kwa kipimo kilekile, na kwa mwendo wangu ni siku 178, karibu nusu mwaka. Nimeona msanii mwenzangu akiishi katika kosa hilo: alirudi nyumbani na ukanda wa upana wa viganja viwili, akauita kazi isiyokamilika kwa makusudi. Waandaaji walikubali. Yeye hakukubali, aliniambia mwenyewe.

Kama residensi yako ni ya wiki nne, punguza kipimo kabla ya kupunguza ubora. Sentimita 60 kwa 90 kwa mafundo yangu ni 13,824, siku 13. Linafaa kuning'inizwa au kuwekwa kando ya kitanda, na linakufundisha kila kitu ambacho kubwa lingekufundisha.

Rangi na sufu

Oaxaca ni nchi ya kochinili. Ni mdudu mdogo anayeishi kwenye dungusi kakati, anayekusanywa na kukaushwa, na kilo moja inataka wadudu zaidi ya laki moja. Unamsaga juu ya jiwe, unga unatoka mwekundu kama damu. Lakini kilichoniduwaza ni kiganja cha fundi: aliweka unga na maji, akakamulia ndimu, ikawa rangi ya chungwa, akatia magadi, ikageuka zambarau. Sufu inachemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Bluu yao ni ya nili. Kwa kilimu hili ni jambo kubwa, kwa sababu rangi ya kilimu hukaa juu, bapa, haina pa kujificha. Ukikosea kidogo kati ya chungu cha kwanza na cha pili, mstari utaonekana toka mlangoni. Tia rangi uzi wako wote wa rangi moja kwa chungu kimoja, na uzidishe.

Zulia la mafundo linasamehe. Manyoya yanakula mwanga, rangi inaonekana nzito zaidi kuliko uzi uliouona kwenye kamba, na inabadilika kulingana na unasimama upande gani: upande mmoja linang'aa, ukizunguka linakuwa jeusi kidogo. Tofauti ndogo kati ya vyungu inakuwa kama pumzi tu, hata uzuri. Kumbuka hilo unapochagua rangi. Ichague ukiwa umekata ncha za uzi na kuzitazama kwa juu, si kwa ubavu.

Taznakht iko chini ya mlima Siroua, na kondoo wa huko wana sufu ndefu yenye mng'ao ambayo wafumaji wanaisifia hadharani. Jambo lililonifurahisha ni kwamba siku ya kwanza, bila Kifaransa cha maana na bila Kitamazighti, lugha ya Waberberi wa huko, hata neno, nilishika uzi nikasema "sufu", na kila mtu akaitika. Neno letu ni la Kiarabu, nao Kiarabu wanakijua. Meksiko sikuwa na bahati hiyo. Nilijifunza Kihispania cha sokoni kwa vidole. Na usidanganyike na zafarani kwa sababu tu Taliouine, mji wa zafarani, hauko mbali. Niliuliza kama tunaweza kutia rangi zulia kwa zafarani, wakanitazama kama mtu aliyeuliza kama tunaweza kuosha gari kwa maziwa.

Kwa mizani: kilimu changu kilikuwa na kilo 2 na kidogo, la mafundo kilo 4 na nusu. Kilimu unakikunja kwenye sanduku kama blanketi. La mafundo unaliviringa, manyoya yakiwa ndani, na linachukua nafasi kubwa ya mzigo wako wa kilo 23. Beba barua ya mwaliko inayoeleza kwamba ni kazi yako ya sanaa. Afisa wa forodha Entebbe ataona zulia jipya la sufu, na ana haki ya kuuliza umelinunua bei gani.

Utakaa na nani

Hili haliandikwi kwenye matangazo, lakini linabadili kazi. Mtambo wa kukanyaga uliletwa Oaxaca na Wahispania katika karne ya 16, pamoja na kondoo, na wanaume wengi ndio wanaoukalia, ingawa siku hizi wanawake ni wengi pia. Ni mtambo wa mtu mmoja. Unasimama au kukaa, miguu inafanya kazi, mikono inafanya kazi, na unazungumza na mtambo wako. Kijiji kizuri, watu wakarimu, lakini kazi yenyewe ni ya upweke.

Taznakht mtambo ni wa wima, na wanawake huukalia wawili watatu kwa pamoja, bega kwa bega, nyumbani. Kwa mwanamke kutoka Arua au Bombo hiyo ni picha anayoijua: ni kama ua wa nyuma wakati wa kusuka mikeka, chai inazunguka, habari za watu zinazunguka, mtoto analala kando. Nilijifunza haraka zaidi kwa sababu jicho langu lilikuwa sentimita 30 kutoka kwenye vidole vya mtu anayejua. Mwanamume msanii asitegemee kufunguliwa mlango huo kirahisi. Aulize mapema atafuma wapi na na nani.

Zulia likirudi Uganda

Nyumbani kwetu viatu vinabaki mlangoni na watu wanakaa chini. Hapo kilimu kinashinda bila mjadala. Vumbi jekundu la maramu linaingia kila nyumba, na kilimu unakikung'uta, unakianika kwenye kamba, unakigeuza upande wa pili ambao mara nyingi ni mzuri sawa. Mtoto akikojoa unakifua. La mafundo linakamata vumbi mpaka kwenye mzizi, linataka kupigwa kwa fimbo na kuanikwa kutwa, na msimu wa mvua halikauki haraka. Yote mawili yanapendwa na nondo; yakunjue na kuyaanika juani kila baada ya muda, usiyafungie sandukuni mwaka mzima kama zawadi ya harusi.

Lakini kama zulia ni la kuuza kwenye ukumbi wa sanaa Kampala au la kutundika ukutani, la mafundo lina uzito wa macho ambao kilimu hakina. Watu wanaligusa hata ukiandika usiguse.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: utaendelea na nini ukirudi? Nilirudi kutoka Oaxaca na mikono inayojua mtambo wa kukanyaga, nikakuta sina mtambo wa kukanyaga. Kuutengeneza ni kazi: kanyagio, nyuzi za kuinulia mtande, kitana cha kutenganisha, na seremala asiyewahi kuuona. Nilikaa miezi bila kufuma. Niliporudi kutoka Moroko nilimwelekeza fundi seremala wa Ndeeba, Kampala, kwa mchoro mmoja, akanipa fremu ya wima, miti miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kwa siku mbili. Mwenzangu alimpa mchomeleaji wa Katwe kazi hiyohiyo kwa mabomba ya chuma, na yake haipindi kama yangu.

Na hapa ndipo niligundua nilichopaswa kukijua mapema: kilimu pia kinafumwa kwenye fremu ya wima. Ni polepole zaidi, lakini kinafumwa. Kumbe kilichonifunga mikono Kampala kilikuwa mtambo wa kukanyaga, si kilimu chenyewe.

Sufu ni tatizo la wote wawili. Kondoo wetu wengi wana nywele, hawana sufu ya kusokota. Kenya wanayo, Nanyuki kuna kina mama wanaoisokota na kufuma, na kwa basi si mbali kihivyo. Mimi hununua sweta za mitumba soko la Owino, Kampala, zile za sufu halisi ambazo hakuna anayezitaka kwa sababu ya joto, nazifumua, naviringa nyuzi, natia rangi. Kwa mtande natumia kamba nyembamba ya pamba ya maduka ya Kikuubo, Kampala. Usitumie uzi wa nyavu wa nailoni hata ukishawishiwa na mvuvi wa Ggaba: unavutika, unateleza, na mafundo yanahama. Mabaki ya vitenge ya mafundi cherehani yanafaa kwa kilimu kinene, na hata kwa mafundo; Moroko wana mazulia mazima ya matambara ya nguo kuukuu, na ni ya furaha kuliko mengi ya sufu.

Kuna la tatu: bunduki

Ukialikwa Ulaya au Marekani mara nyingi utakuta bunduki ya umeme inayopiga uzi kwenye kitambaa kilichokazwa. Kwa siku tatu nne una zulia lenye manyoya na mkunjo wowote unaotaka. Nyuma unapaka gundi ya mpira ili nyuzi zisitoke. Ni chombo kizuri kwa mchoraji anayetaka picha kubwa haraka, au kwa residensi ya wiki mbili. Si kufuma, hakuna mtande wala mshindio, na gundi huchoka kabla ya sufu. Pia inataka umeme ambao haukatiki. Nimeijaribu mara moja, nikafurahi, nikairudisha.

Kabla hujaweka sahihi

Residensi moja, siitaji, iliniahidi mtambo. Nilifika nikaukuta una kazi ya mtu mwingine, nusu, naye hayuko. Nilipoteza siku tisa nikisubiri ruhusa ya kuikata. Tangu hapo nauliza kwa maandishi: mtambo ni wangu kuanzia tarehe gani hadi gani? Nani anautanda? Sufu inalipiwa na nani, na kuna kikomo cha kilo ngapi? Zulia likiisha ni la nani? Swali la mwisho usilionee haya. Wengine wanabakiza kazi moja kama malipo ya kukukaribisha, na kama kazi yako ni moja tu, basi unarudi na picha za simu.

Pia jiandae kwa waandaaji wanaotaka ulete "kitu cha kwenu". Tangu Uganda ilipofungua banda lake la kwanza kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, mwaka 2022, na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo wakarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima, ususi wetu umepata jina, na kazi za Acaye zinatokana na mikono ya wanawake wasukaji wa sehemu nyingi za nchi. Nafurahi kwa hilo. Lakini si lazima zulia lako liwe mkeka uliovaa sufu. Kama unataka kuchora taa za bodaboda usiku kwenye mteremko wa Wandegeya, chora. Kwa mafundo, taa zitapendeza.

Nilichomwambia binti wa Arua

Nilimtazama yeye. Michoro yake ni ya mshazari na pembe, imetoka kwenye mikeka ya shangazi yake, hata mstari wa mkunjo mmoja hakuna. Kwa mchoro, yeye ni mtu wa kilimu. Kama angekuwa na mtambo wa kukanyaga unaomsubiri nyumbani, ningemwambia aende Oaxaca, akaone kochinili, akajifunze ngazi kutoka kwa wenye ngazi. Angekuwa anachora nyuso, herufi au maua, ningemwambia Moroko bila kupepesa.

Ila hana mtambo, na hawezi kukaa mwaka mmoja akitafuta seremala. Na Taznakht wana desturi ambayo wengi hawaijui: wanachanganya. Katika zulia moja utakuta ukanda bapa uliofumwa bila manyoya, halafu ukanda wa mafundo, halafu bapa tena. Anaweza kuzifuma ngazi zake bapa na kuweka mafundo pale tu anapotaka jicho lisimame, labda robo ya zulia. Kwa kipimo cha 80 kwa 150 robo hiyo ni mafundo 7,680, siku saba na kidogo kwa mwendo wa mwanafunzi. Sehemu bapa kwenye fremu ya wima, hata akipanda sentimita 5 tu kwa siku, ni siku 23. Jumla 30, katika siku zake 36.

Amekubali Moroko. Anaondoka Januari, na huko Januari ni baridi ya mlimani, kwa hiyo nimemwambia abebe soksi nzito na glavu zilizokatwa vidole. Wiki iliyopita alikwenda Ndeeba na mchoro wangu wa fremu. Anataka kujifunza kutanda mtande kabla hajasafiri, kwa kamba ya Kikuubo, ili zile siku tatu za kutanda ziwe moja.